Mbegu za Malenge Si Takataka

Wasee, Oktoba mwaka jana tulichonga malenge kwa beshte yangu, kila mtu na kisu chake cha kukunja. Macho, pua, meno. Mbegu mimi nikazimwaga kwa pipa. Shosho aliposikia hakucheka. Aliniuliza tu, "Kwani mlikuwa mmeshiba?"

Swali hilo lilinisumbua, nikaanza kusoma. Kumbe mchezo huu haukuanza na malenge. Watu wa Ayalandi walichonga tanipu, mboga ngumu ya mzizi, wakaweka moto ndani kufukuza pepo wabaya. Halafu viazi vikaoza shambani. Kati ya 1845 na 1852 njaa iliua watu karibu milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama, wengi wakaenda Marekani. Huko malenge yalikuwa tele, tena rahisi kuchonga kuliko tanipu.

Lakini wenyeji wa Amerika walikuwa wamelima malenge tangu zamani. Kwa pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, Meksiko, zilipatikana mbegu za miaka kama 10,000. Hizo hazikuwa pambo, manze. Zilikuwa chakula.

Yaani waliotoroka njaa ndio walileta ile sura, na mimi nikaiga sura, nikatupa chakula.

Mwaka huu tutachonga tena, sina shida. Ila mbegu nitaziosha, nizianike, nizikaange na chumvi kwa sufuria kavu mpaka zianze kuruka. Kikombe cha kwanza ni cha shosho.