Vifaa vya kumfaa anayekwea Mlima Kenya kwa mara ya kwanza

Mgeni wa Mlima Kenya huondoka mjini Nanyuki akiwa amevaa fulana, na siku tatu baadaye hujikuta saa tisa usiku akipanda changarawe zilizoganda kuelekea kilele cha Lenana, huku maji aliyobeba yakianza kugeuka barafu chupani. Nguo na viatu alivyochagua nyumbani ndivyo vinavyoamua iwapo atafika, na wakati mwingine iwapo atarudi akiwa mzima.

Lenana ina urefu wa mita 4,985 na ni ya tatu baada ya Batian (5,199) na Nelion (5,188). Vilele hivyo viwili vikubwa ni miamba mitupu inayohitaji kamba na ujuzi wa miaka. Lenana hufikiwa kwa miguu kupitia njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria, na ndiyo lengo la takriban kila anayeanza.

Kwa wastani, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Usiku wenye nyuzi 10 mjini Nanyuki, basi, unaweza kuwa wa nyuzi 8 chini ya sifuri kileleni, na hapo upepo haujahesabiwa.

Hata hivyo, adui mkubwa wa mkweaji si baridi peke yake bali ni baridi iliyoungana na maji. Mwili uliolowa hupoteza joto haraka mara nyingi kuliko mwili mkavu, na maji hayo si lazima yatoke mawinguni. Jasho la mchana, likibaki katika nguo hadi jua linapotua, latosha kumtetemesha mtu mwenye nguvu zake hadi akaanza kuropoka na kupepesuka kama mlevi. Anayefikia hali hiyo amekwisha kuwa mgonjwa wa kuokolewa, wala hafai kuambiwa ajikaze.

Kwa sababu hiyo, nguo za pamba ziachwe mjini. Pamba hunyonya maji, huyashika, na hukawia mno kukauka. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kupita zote: ikilowa huwa nzito, hushikamana na mapaja na haikauki tena hadi safari iishe. Inashangaza kwamba bado ndiyo vazi linaloonekana sana langoni miongoni mwa vijana wanaotoka Nairobi mwishoni mwa juma.

Badala yake, mkweaji avae tabaka tatu. La kwanza, linalogusa ngozi, liwe la poliesta au sufu nyembamba ili lipitishe jasho. Jezi ya kawaida ya kandanda yafaa kabisa, na karibu kila nyumba inayo. La pili ni la kuhifadhi joto: sweta la sufu, jaketi la manyoya laini ya poliesta, au yote mawili. La tatu ni koti na suruali ya kuzuia mvua na upepo. Siri ya mpango huu ni kuvua na kuvaa mara kwa mara. Anayepanda akiwa amejifunika gubigubi tangu asubuhi hulowa jasho, na jioni hulipia kosa hilo.

Koti la mvua halina mbadala, hata katika miezi ya Januari, Februari, Julai na Agosti ambayo huhesabiwa kuwa ya kiangazi mlimani. Mvua na theluji huweza kunyesha mwezi wowote. Joho la plastiki linalovaliwa kichwani hufaa msituni, lakini juu ya mstari wa miti upepo hulipeperusha likamwacha mwenyewe wazi.

Makoti mazuri hupatikana katika mitumba ya Gikomba kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani, ila yahitaji jicho kali. Ligeuze koti ndani nje. Ikiwa utando wa ndani unabanduka kama ngozi iliyoungua jua, au ukanda uliofunika mishono umeachia, koti hilo halizuii tena chochote. Mimina maji kidogo begani, subiri, kisha upapase upande wa pili.

Viatu ndivyo vinavyostahili fedha nyingi kuliko kifaa kingine, na hapo mitumba ina mtego wake. Buti lililokaa ghalani miaka mingi huweza kung'aa kama jipya ilhali sponji iliyo kati ya soli na ngozi imeoza. Aina ya plastiki inayotumiwa sana kutengeneza sponji hiyo huharibiwa na unyevu wa hewa, hata kiatu kisipovaliwa. Buti la namna hiyo humomonyoka siku ya pili ya safari. Likunje kwa nguvu, ubonyeze ubavu wa soli kwa kidole gumba. Likionyesha nyufa au likitoa unga, liache.

Buti liwe kubwa kidogo kuliko kiatu cha mjini, kwa maana litavaliwa na soksi nene, na wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele. Livaliwe majuma kadhaa kabla ya safari, hata kwa kwenda sokoni. Malengelenge yamewarudisha watu wengi kuliko simba wote wa nchi hii. Wanaopitia Naro Moru wakumbuke pia kinamasi kilicho juu ya kituo cha Met, mahali ambapo wenyeji wengine huona gambuti kuwa bora kuliko buti la thamani.

Mfuko wa kulalia huwa na kibandiko chenye viwango viwili au vitatu vya joto, na wauzaji hupenda kutaja kile cha chini kabisa. Hicho ni kiwango cha kunusurika tu. Kinachopaswa kusomwa ni kile cha kulala kwa raha, na kwa kambi za Shipton na Mackinder, zilizo kwenye mita 4,200 hivi, kisizidi sifuri. Nyuzi 5 chini yake ni bora zaidi. Mifuko ya manyoya ya bata ni myepesi na yenye joto, lakini ikilowa haina faida; ile ya poliesta ni mizito na husamehe. Chini ya mfuko lazima liwepo godoro jembamba la sponji, kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mlalaji usiku kucha.

Kosa jingine ni kumkabidhi mpagazi kila kitu. Mpagazi ana mwendo wake, naye huweza kuwa saa mbili mbele ukungu unaposhuka. Koti la mvua, sweta, kofia ya sufu, glavu, maji, chakula na tochi visitoke mgongoni mwa mwenyewe.

Tochi iwe ya kufungwa kichwani ili mikono ibaki huru. Betri hudhoofika katika baridi, hivyo zilale pamoja na mwenyewe ndani ya mfuko, na simu vilevile. Chupa ya maji ibebwe ikiwa kichwachini: barafu huanzia juu, nao mdomo wa chupa hubaki wazi. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga midomo si mapambo ya watalii. Jua la ikweta katika mwinuko huo huunguza ngozi ya kila rangi, na likiakisiwa na theluji huumiza macho.

Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu ya Kenya. Chupa za maji za dukani haziruhusiwi, wala mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini tangu 2017. Nguo za akiba zifungwe katika mfuko imara wa turubai usiopitisha maji.

Si lazima kununua vyote. Mifuko ya kulalia, mikongojo na majaketi mazito hukodishwa Nairobi na Nanyuki. Viatu na nguo za ndani ndivyo visivyofaa kukodiwa. Mnamo Januari 1943, wafungwa watatu wa kivita kutoka Italia walitoroka kambi ya Nanyuki wakiwa na mashoka ya barafu waliyotengeneza kwa nyundo na kamba za katani, na wawili kati yao, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto, wakafika Lenana. Walipojaribu Batian walishindwa, wakarudi kambini kwa hiari yao.

Hakuna kifaa, hata hivyo, kinachoongeza hewa. Karibu na mita 5,000 kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani, na dawa ya hali hiyo ni kupanda polepole, usiku mmoja zaidi njiani. Maumivu ya kichwa yasiyopungua, kutapika na kuyumbayumba ni dalili za kushuka mara moja, hata kama ni usiku na kilele kinaonekana.