Kimondo cha Mbozi: Chuma Kilichoinuliwa Kitazamwe

Msafiri aelekeaye Tunduma kutoka Mbeya, akiiacha barabara kuu huko Mbozi, hufika Ndolezi penye kimondo cha chuma chenye uzito ukadiriwao kuwa tani 16. Vitabu vyasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji ardhi W. H. Nott; wenyeji walikuwa wamekwisha kukifahamu. (Kugundua, katika lugha ya kikoloni, mara nyingi kulikuwa ni kuandika tu.) Kilikuwa kimezama ardhini. Udongo wa kandokando ukaondolewa, ikabaki nguzo chini yake, nayo ikafanywa kitako cha saruji.

Chuma chenyewe hakikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kukikabili. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka chombo cha kukojolea kwenye maonyesho ya New York, kwa wazo kwamba kukichagua kwatosha kukifanya sanaa. Waandaaji walikikataa. Ndolezi hakuna aliyedai kufanya sanaa, walakini tendo lafanana: kitu kimeinuliwa, watu wakaambiwa tazameni. Nao hawatazami tu. Hukizunguka na kukigusa, na alama ya msumeno yaonyesha kwamba wako waliotaka kipande.

Tangu hapo kimeelezwa kwa lugha ya wapimaji: chuma, nikeli, tani. Wanyiha walikiona kuwa nini kabla hakijainuliwa? Hilo mwanahistoria hana budi kwenda kuliuliza vijijini, simulizi zingalipo.