Kufunga na Kufuga: Historia ya Sheria za Mbwa wa Nje kwa Mtazamo wa Nakaloke, Mashariki mwa Uganda

Vitenzi viwili vya Kiswahili, kufunga na kufuga, hutofautiana kwa sauti moja tu, ilhali maana zake zimeachana mno. Kufuga ni kulisha, kutunza na kuweka mnyama chini ya himaya. Kufunga ni kuzuia. Mfungwa naye kapata jina lake hapo hapo. Makala haya yanafuatilia jinsi maana hizo mbili zilivyoingia katika sheria za Uganda zinazomhusu mbwa anayelala nje. Hoja kuu ni kwamba sheria moja ilimtazama mbwa kama hatari na nyingine ikamtazama kama kiumbe anayeweza kuteswa, lakini hakuna iliyoeleza wazi namna ya kumfunga bila kumtesa.

Sheria ya kwanza ni ya Kichaa cha Mbwa ya 1935. Shabaha yake ilikuwa afya ya binadamu. Iliipa serikali mamlaka ya kudhibiti mbwa palipo na ugonjwa: wafungwe au wazuiwe, na wazururao waweze kuuawa. Kwa sheria hiyo, kamba ni kinga ya jirani. Swali la mbwa aliye kwenye ncha ya pili ya kamba halikuwa lake.

Ya pili ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya 1957. Msamiati wake una asili katika sheria ya Uingereza ya 1911: kupiga, kupiga mateke, kubebesha kupita kiasi, kutisha na kusababisha mateso yasiyo ya lazima. Msamiati huo ni wa barabarani na sokoni, ulikolengwa mkono unaopiga. Mateso ya mbwa wa nje aghalabu hayana mkono: ni jua lisilo na kivuli, chombo cha maji kisichofikika, mnyororo uliojizungusha mtini. Uingereza yenyewe iliongeza kifungu mahususi kuhusu kufunga wanyama kikatili mwaka 1988 tu, nacho kiliwahusu farasi, punda na nyumbu wa mizigo. Mbwa hakutajwa.

Mtazamo mpya ulitokana na ripoti ya Kamati ya Brambell nchini Uingereza mwaka 1965, ambayo ndiyo chimbuko la dhana ya uhuru wa aina tano wa mnyama. Swali likageuka: badala ya kuuliza mwenye mnyama ametenda nini, likawa mnyama anapata nini. Tanzania iliufuata mwelekeo huo katika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Uganda imebaki na msingi wa 1957, ingawa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 imeziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo, mradi zisipingane na Katiba wala sheria za Bunge.

Hapo ndipo Nakaloke inapoingia. Mji huu uko kando ya barabara itokayo Mbale kuelekea Kumi na Soroti, katika eneo ambamo Kimasaaba, Kiteso, Kiganda na Kiswahili husikika. Sheria tulizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya 2005. Mwenye mbwa wa kulinda duka anatakiwa kutii maneno ambayo huenda hajawahi kuyasikia kwa lugha yake. Hali ya hewa nayo haisubiri tafsiri. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ishukayo kutoka Mlima Elgon ilifurika Mbale na kuua watu. Katika gharika ya namna hiyo, mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Haifuatii kwamba kamba ipigwe marufuku. Mashirika ya kimataifa ya afya yamelenga kukomesha ifikapo 2030 vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa kinachoenezwa na mbwa, na lengo hilo hudai chanjo kwa takriban asilimia 70 ya mbwa. Mbwa mwenye makao yanayojulikana ni rahisi kumfikia kwa sindano. Kwa hiyo ulinzi wa jirani na ustawi wa mbwa havishindani.

Tunapendekeza sheria ndogo fupi, iliyoandikwa kwanza kwa lugha za wakazi, itakayotaja vitu vinavyopimika kwa macho: kivuli, maji ndani ya upeo wa kamba, banda lisilovuja lenye sakafu iliyoinuliwa, muda wa kufunguliwa kila siku, cheti cha chanjo, na wajibu wa kumfungua mnyama mafuriko yanapokaribia. Wahenga walisema sheria ni msumeno. Msumeno huo umekwisha kukata upande wa kufunga tangu 1935. Upande wa kufuga bado unasubiri kunolewa.