Vumbi la Wazo na Ada ya Mkaguzi wa Hesabu

Mwaka 1966 viwanda viwili vikubwa vilianza kazi pembezoni mwa Dar es Salaam. Kaskazini, katika kilima cha Wazo, Kinondoni, kilianza kiwanda cha saruji. Ng'ambo ya bandari, Kigamboni, eneo lililokuwa chini ya Temeke kwa miongo mingi, TIPER ilianza kusafisha mafuta ghafi. Ninapofundisha historia ya ukaguzi wa hesabu nchini huanzia hapo, kwani viwanda vya aina hiyo vinazua swali ambalo taaluma yetu ilichelewa kuliuliza: shimo linalobaki baada ya kuchimba chokaa, au udongo uliomwagikiwa mafuta, ni deni la nani?

Baada ya Azimio la Arusha, Serikali iliunda Shirika la Ukaguzi Tanzania mwaka 1968 ili likague mashirika ya umma. Wakaguzi walihesabu mali ghalani, mitambo na mikopo. Mazingira hayakuwamo vitabuni. Sheria zilizogusa uchafuzi zilitawanyika na utekelezaji wake ulikuwa dhaifu. Hata NEMC, iliyoundwa kwa Sheria Na. 19 ya 1983, ilikuwa chombo cha kushauri tu. Pasipo na deni, mkaguzi hana cha kukagua, na ada yake haiongezeki.

Mwaka 2004 ulibadili hali hiyo kwa mikono miwili. Kwanza, Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, kikiwamo IAS 37, kinachoitaka kampuni kutenga fedha kwa wajibu ilio nao tayari, hata kama malipo yako mbali. Pili, Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20, iliyoipa NEMC meno na kusimika kanuni kwamba mchafuzi hulipa.

Tangu hapo vumbi likawa tarakimu. Dan Simunic alikwisha kuonyesha mwaka 1980 kwamba ada ya ukaguzi hufuata ukubwa wa kampuni, ugumu wa hesabu zake na hatari anayoibeba mkaguzi. Machimbo yatakayofukiwa miaka 30 ijayo yatagharimu kiasi gani? Ili kujibu, mkaguzi husoma vibali, huhoji mawakili, humwita mhandisi na kupima makadirio ya menejimenti. Saa za kazi huongezeka. Asichoweza kukipima sawasawa hukiwekea bei ya hatari, na hatari hiyo si ya kufikirika: mwaka 2019 NEMC iliupiga mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi.

Wapo mameneja wanaoiona nyongeza hiyo kuwa mzigo. Mimi naiona kuwa sehemu ndogo ya gharama iliyolipwa zamani na mapafu ya majirani. Ninachokihofia ni ada kuwa ndogo mno. Mkaguzi hulipwa na kampuni anayoikagua; makampuni ya ukaguzi yakishindana kushusha bei, siku za mhandisi ndizo za kwanza kukatwa, na deni hubaki limefichwa hadi limwangukie mwanahisa, mstaafu ambaye mfuko wake wa pensheni ulinunua hisa, au jirani wa kiwanda.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu wa mwaka, mwanahisa asiishie kuuliza kwa nini ada imepanda. Aulize mkaguzi alitumia siku ngapi machimboni.