UZI: "Vijana wapewe mafunzo." Sawa. Halafu?

1/ Msimu wa siasa ukifika, kuna sentensi moja haikosi jukwaani: "Vijana wetu wapewe mafunzo." Watu wanapiga makofi, msemaji anameza maji, anaendelea na mambo ya barabara. Leo tuangalie hiyo ahadi imetoka wapi na imefanya nini huku kwetu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwa majibu, hiyo ni wewe na dhamiri yako.

2/ Mimi ni wa Kuresoi, upande wa Keringet, na nasomea sayansi ya siasa. Binamu yangu alisomea kuchomelea vyuma kwa chuo kimoja cha ufundi, sitasema kipi. Miaka miwili. Cheti kiko, mamake amekihifadhi kwa sanduku. Yeye mwenyewe saa hii anapakia viazi kwa lori. Mashine hana, na stima ya kuiendesha haijafika kwao.

3/ Hiyo ndiyo stori iliyonipeleka kwa historia. Nilitaka kujua kama kuna wakati mpango wa kufunza vijana uliwahi kufaulu kabisa sehemu hizi za Bonde la Ufa. Jibu ni ndio, ulifaulu. Shida ni kwamba haukuwa wetu.

4/ Njoro, 1939. Mlowezi anayeitwa Maurice Egerton anatoa ardhi, inaanzishwa shule ya kilimo, Egerton Farm School. Wanafunzi ni vijana wa Kizungu. Leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na wengi wetu tunapita hapo getini bila kuwaza kilianza kikiwa cha nani.

5/ Sasa angalia yule kijana alipata nini kando na masomo. Ardhi: mwaka huohuo wa 1939 amri kutoka Uingereza iliweka mipaka ya nyanda za juu za Wazungu. Mkopo: Benki ya Ardhi ilikuwepo tangu 1931. Soko: KFA, ushirika wa walowezi, makao yake Nakuru, tangu 1923. Reli: inapita Njoro na Molo. Kijana alitoka darasani akakuta kila kitu kinamngoja.

6/ Panda mlima kidogo, ufike Olenguruone. Mwaka 1941 serikali hiyohiyo inahamishia huko familia za Wakikuyu zilizoondolewa kwingine. Wanapewa mashamba pamoja na masharti: utalima namna hii, utapanda hivi, ukikataa unatoka. Wao wanasema ardhi hii ni fidia, ni yetu, na hawatatia sahihi. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta.

7/ Najua Olenguruone ni jina linalowasha. Huu si uzi wa nani alifika kwanza, tafadhali. Naweka hizo sehemu mbili pamoja kwa sababu ni miaka ileile, na serikali ni ileile. Njoro na Olenguruone wote walikuwa wanahubiriwa kilimo bora. Mmoja alipewa maarifa na vitu vya kuyatumia. Mwingine alipewa maarifa kama amri, juu ya shamba ambalo hakuruhusiwa kuliita lake.

8/ Uhuru ukaja 1963. Shule za msingi zikajaa, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache. Kulikuwa pia na vijana waliokuwa mstari wa mbele kudai uhuru na sasa hawana kazi, na hilo liliwapa wakubwa wasiwasi. Mwaka 1964 ikaundwa NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa: nidhamu, kujenga barabara, kilimo, ufundi. Ukipita Gilgil bado utaona kambi yao.

9/ NYS haingetosha wote. Mwaka 1966 makanisa yakatoa ripoti ambayo jina lake lilikuwa swali: baada ya shule, nini? Hapo ndipo politekniki za vijiji zilizaliwa. Wazo lilikuwa rahisi na, kwa maoni yangu, zuri sana: gharama ya chini, kamati ya wenyeji, na unafunza kile watu wa hapo wanahitaji. Mtihani wa kitaifa haukuwa lengo. Lengo lilikuwa kijana afanye kazi palepale nyumbani.

10/ Serikali ikaingia miaka ya 1970, na pole pole wazazi na wanafunzi wakadai mitihani ya ufundi ya serikali. Maelezo utakayosikia mara nyingi ni "Wakenya wanapenda karatasi." Mimi nakataa. Mzazi alikuwa amesoma soko vizuri. Mwenye karakana Nakuru mjini hakujui wala hajui kijiji chako, anajua cheti. Na kijijini hakuna pesa ya kununua meza zote mtatengeneza.

11/ Kuna mzee jirani yetu alisomea useremala kwa politekniki ya kijiji. Nilimuuliza ni nini kilimsaidia zaidi. Nilidhani atasema mwalimu. Akasema, "Msumeno." Darasa lao lilitengeneza viti, vikauzwa, wachache wakanunuliwa vifaa. "Wenzangu waliotoka mikono mitupu walirudi kulima, na walikuwa wananishinda darasani." Hiyo nimekaa nayo mwezi mzima.

12/ Hata wataalamu walishaona. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilituma ujumbe Kenya kuchunguza ukosefu wa ajira. Wakasema watu wengi wanaoitwa hawana kazi kumbe wanafanya kazi kutwa nzima: mafundi, wachuuzi, wenye vibanda. Kilichowaumiza ni mapato duni na kuhangaishwa na serikali. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita, na bado mtu anasimama jukwaani kusema vijana ni wavivu.

13/ Kisha 8-4-4, mwaka 1985. Ufundi ukaingia shule ya msingi, wazazi wakaambiwa wajenge warsha. Shule nyingi zilipata mtaala kabla ya randa na nyundo. Mnaona hii stori inavyojirudia?

14/ Ya 1992, 1997 na 2007 hapa Kuresoi sitasimulia. Walioyaishi wanajua, na wengine wanasoma uzi huu. Kwenye mazungumzo ya 2008, Ajenda ya Nne ilitaja ukosefu wa ajira kwa vijana kati ya mizizi ya shida. Hazina ya vijana ilikuwa imeanza 2006. Ikafuata Kazi kwa Vijana 2009, bunge za vijana za wafadhili 2011, Uwezo 2013, KYEOP, na sasa NYOTA. (Kuresoi Kaskazini kuna wadi inaitwa Nyota. Utani umeshafanywa, asanteni.)

15/ Zile bunge za vijana zisidharauliwe. Mtu wa miaka 20 kuongoza kikao, kuandika muhtasari, kufungua akaunti ya kikundi, hiyo ni elimu ya siasa kuliko mihadhara yangu mingine. Lakini mradi wa mfadhili una tarehe ya kuisha, na shida ya kijana haina.

16/ Kitu kinachonisumbua zaidi ni hiki. Tangu 2008 kijana wa huku anaongelewa kama petroli: awekwe mbali na moto. Mpango ukipimwa kwa swali moja tu, "uchaguzi ulipita kwa amani?", ukipita umefaulu, faili inafungwa. Nani anarudi mwaka unaofuata kuuliza kama yule fundi ana wateja?

17/ Kuna atakayesema, "Basi wapewe pesa tu." Polepole. Mwaka 2015 nchi ilisikia habari za shilingi milioni 791 za NYS. Pesa ya vijana ina miguu. Na mafunzo pia si bure: binamu yangu akipata mashine ya kuazima hapo senta, geti anatengeneza na analipwa. Ujuzi anao. Anachokosa ni vile vitu vingine ambavyo yule kijana wa Njoro alivikuta 1939.

18/ Sasa ya kukusaidia kwa mjadala. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka politekniki za vijiji chini ya kaunti. Kwa hivyo anayetaka ubunge akikuahidi kuajiri walimu wa chuo cha ufundi cha kaunti, muulize atatumia mamlaka gani. Anayetaka kiti cha kaunti, muulize: kwa bajeti yako, kando na jengo, vifaa vya anayehitimu viko wapi? Na kazi za kaunti, kama madawati na mageti ya zahanati, zitapewa hao mliofunza ama mtu wa kutoka mbali?

19/ Hilo la mwisho ndilo naona lina nguvu. Serikali ya mkoloni ilijua kufunza kijana na kumtengenezea mahali pa kutua. Ilifanya hivyo kwa wachache na kwa dhuluma, kwa ardhi ya wengine. Lakini iliweza. Kwa hivyo mtu asituambie haiwezekani.

20/ Uzi ujao ni wa basari. Kwa sasa, kama kwenu kuna mzee aliyepitia politekniki ya kijiji, muulize alitoka na nini mkononi, kisha niandikie hapa chini. Nakusanya. Binamu anasema yeye alitoka na miwani ya kuchomelea, jicho moja limepasuka.