Kipakatalishi kinapokwama kikiwashwa: Tambua kilipokwama kabla ya kufuta chochote

KIPAKATALISHI kinachokwama punde tu kinapowashwa humtia mwenyewe kiwewe, hasa ikiwa ndani yake mna tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za biashara au picha za familia zisizo na nakala kwingineko.

Wengi hukimbilia kuomba mfumo endeshi uwekwe upya. Aghalabu kifaa huwaka, lakini kazi ya miaka mingi huwa imefutika ilhali hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo.

Ukweli ni kwamba tarakilishi haikwami ovyo. Kuwaka kwake hupitia hatua kadhaa, na mahali inaposimama ndipo penye dalili ya kwanza ya ugonjwa wake.

Hatua za kuwaka

Kitufe cha umeme kinapobonyezwa, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao mkuu huamka kwanza. Programu hiyo hujulikana kama BIOS au, katika mashine za kisasa, UEFI. Kazi yake ni kukagua kumbukumbu, kicharazio na diski, na wakati huo nembo ya kampuni iliyounda kifaa huonekana kwenye skrini.

Baada ya hapo, programu hiyo huutafuta mfumo endeshi, kwa mfano Windows, kwenye diski. Ukipatikana, mfumo huo hupakia programu za kuendesha vifaa mbalimbali, kisha humwomba mtumiaji nywila yake.

Kabla ya kuhukumu

Kwanza, mtumiaji anafaa kuhakikisha kwamba kifaa kimekwama kweli. Iwapo skrini inaeleza kwamba Windows inapokea masasisho, kazi hiyo yaweza kuchukua saa nzima au zaidi kwenye diski ya zamani. Kukata umeme wakati huo ndiko huzua hitilafu ambayo haikuwapo.

Pili, vitu vyote vilivyochomekwa, yaani flashi, printa, kipanya na kadi za kumbukumbu, viondolewe. Flashi iliyosahauliwa yaweza kuifanya mashine itafute mfumo endeshi mahali usipokuwapo.

Tatu, chaja ichomolewe, na betri pia ikiwa ni ya kutolewa, kisha kitufe cha umeme kibonyezwe kwa muda wa sekunde 30 hivi. Hatua hii huondoa umeme uliosalia ndani, na mara nyingine hutosha kukizindua kifaa.

Kikikwama kwenye nembo

Kifaa kinachoishia kwenye nembo ya kampuni, au kisichoonyesha chochote, huelekeza shaka kwenye vifaa vyenyewe badala ya Windows. Milio au taa zinazomweka kwa mpangilio zihesabiwe, kwa kuwa kila kampuni huzitumia kutaja sehemu yenye kasoro. Mara kwa mara chanzo huwa kipande cha kumbukumbu kilicholegea, na fundi hukitoa, akakisafisha na kukirejesha.

Upo mtihani mmoja rahisi. Kifaa kiwashwe huku kitufe cha kuingia BIOS kikibonyezwa. Kwa kutegemea kampuni, kitufe hicho huwa F2, F10, Esc au Delete. Kikikwama hata humo, Windows haina hatia, kwani bado haijaanza kazi. Kisipokwama, orodha ya diski itazamwe. Diski isipotajwa, basi imelegea au imekufa.

Diski ya kuzunguka ikisikika ikigonga kwa mfululizo, kifaa kizimwe mara moja. Kila jaribio jipya la kuiwasha laweza kuikwaruza zaidi na kuharibu data ambayo ingeokolewa.

Kikikwama Windows inapofunguka

Hali huwa tofauti iwapo vidoti vya Windows huzunguka bila kikomo. Hapa mtuhumiwa huwa sasisho lenye kasoro, programu mpya au faili iliyoharibika, ingawa diski inayodhoofika pia yaweza kuleta dalili hizo.

Windows 10 na Windows 11 zina ukurasa wa ukarabati ambao hujitokeza wenyewe baada ya majaribio kadhaa ya kuwaka kutibuka mfululizo. Humo mna “Startup Repair”, ambayo hujaribu kurekebisha faili za kuanzia, na pia nafasi ya kuondoa sasisho la hivi majuzi.

Muhimu zaidi ni hali salama, iliyoandikwa “Safe Mode”, inayopatikana kupitia “Startup Settings”. Katika hali hii Windows hufunguka ikiwa na mambo ya lazima pekee. Ikifunguka vyema, basi huenda tatizo limo katika programu iliyoongezwa, na hiyo ndiyo ya kuondolewa.

Mfano mkubwa ulishuhudiwa Julai 19, 2024. Sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya kampuni ya Marekani ya CrowdStrike lilizifanya tarakilishi za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, kushindwa kufanya kazi, nyingi zikijizima na kujiwasha pasi na kukoma. Safari za ndege ziliahirishwa, na huduma za benki na hospitali zikavurugika. Hata hivyo, tarakilishi nyingi zilitibiwa kwa kuwashwa katika hali salama na kufuta faili moja tu ya programu hiyo.

Okoa data kwanza

Iwapo hatua hizo hazikufaulu, data iokolewe kabla ya ukarabati mwingine wowote. Kifaa chaweza kuwashwa kwa flashi iliyotiwa mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu, ambao hufanya kazi bila kuwekwa kwenye diski. Faili hunakiliwa kutoka humo hadi diski ya nje. Aidha, fundi aweza kuitoa diski na kuiunganisha na tarakilishi nyingine.

Kizuizi chaweza kuwa kufuli ya siri. Vipakatalishi vingi vya kisasa hufunga data kwa BitLocker, na diski haifunguki bila ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kifaa. Ni vyema uandikwe na kutunzwa mbali na kifaa kingali kizima, kwani ukipotea hata fundi stadi hataweza kuifungua diski.

Anayempelekea fundi kifaa chake, awe Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwenye kibanda cha mtaani, amweleze waziwazi kilikwama wapi na kwamba hakuna kitu cha kufutwa kabla ya kunakiliwa. Kuweka mfumo upya kuwe hatua ya mwisho. Hata “Reset this PC”, ambayo humpa mtumiaji nafasi ya kubakisha faili zake, huondoa programu alizokuwa ameweka.

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kifaa kilichokwama hurekebishwa au hununuliwa kingine, lakini tasnifu isiyo na nakala haiuzwi dukani. Diski moja ya nje inayopokea nakala kila wiki, kisha kuchomolewa na kuwekwa kando, humwondolea mwenyewe hofu hiyo.