Butembo na Beni: historia ya kazi katika miji isiyoishi kwa mshahara

Ba-promosio wenzangu, na wadogo zetu mnaokaribia kumaliza,

Mtu anapojiandikisha iniversite kuna karatasi anajaza. Mstari mmoja unauliza kazi ya baba, mwingine kazi ya mama. Wengi wetu tuliandika «mkulima» na «mama wa nyumba», basi, tukapita. Kumbe yule «mama wa nyumba» njo aliyekuwa anaamka saa kumi na moja, anapanga vitunguu na karoti sokoni, na jioni anahesabu falanga moja moja mpaka minerval yetu inatimia. Karatasi haikuona kazi yake. Na sisi tukimaliza lisansi tunaongea sawa vile ile karatasi: «Butembo hakuna kazi, Beni hakuna kazi.» Tunasemaka hivyo tukiwa tumesimama kando ya barabara ambayo asubuhi yote imejaa watu wanaoenda kufanya kazi.

Nataka tulifuate hili neno «kazi» katika miji yetu miwili kwa muda wa miaka mia hivi. Nchi yetu ilihesabu watu wake wote kwa mara ya mwisho mwaka wa 1984, kwa hiyo zile asilimia za ukosefu wa kazi zinazozunguka kwenye telefone, uliza kwanza zimetoka wapi. Lakini historia inatosha kutuonyesha jambo moja: kwetu mshahara ni mgeni wa kupita. Alikuja mara kadhaa, akaenda. Waliobaki kila mara ni shamba na biashara.

1. Mgodi na kodi

Kampuni ya Minière des Grands Lacs, MGL, ilianzishwa mwaka wa 1923. Butembo kama mji imetokana na kambi ya wafanyakazi wake. MGL ilitafuta dhahabu, na upande wa magharibi Manguredjipa ikawa kituo chake. Kule Ituri, migodi ya Kilo-Moto nayo ilikuwa inahitaji mikono.

Watu hawakuenda wote kwa kupenda. Tangu miaka ya 1910 Leta ya wakoloni ilidai kodi ya kichwa kwa pesa. Kuanzia 1917 iliweza pia kulazimisha kijiji kulima mazao iliyoyataka. Ulikuwa na kuku, ulikuwa na maharagi, lakini falanga utatoa wapi? Hapo njo mshahara ulipoingia kwetu: kama njia ya kupata pesa ya kodi.

Lakini kulikuwa na njia ya pili. Kambi inakula. Aliyekuwa na shamba kwenye milima ya Lubero aliweza kuuza chakula, akapata falanga, akalipa kodi, bila kuandikwa kwenye daftari ya muzungu. Ile njia ya pili njo iliyojenga mji. Mwaka wa 1976 MGL iliunganishwa na kampuni zingine kuwa SOMINKI, na katika miaka ya 1990 SOMINKI nayo ikafa. Kambi ilikwisha, soko likabaki.

2. Mboga za Kisangani

Milima ya Lubero ina baridi. Shu, karoti, poaro na viazi vya kizungu vinatoa vizuri. Walowezi wa kizungu walizoea kuzipeleka mpaka Stanleyville, Kisangani ya leo, kupitia Beni, Komanda na Mambasa. Baada ya uhuru wa 1960, wazungu walipoondoka, wachuuzi Wanande wakashika ile njia. Barabara ikaharibika, lori likaanza kulala porini siku nyingi, na wao wakaendelea.

Haya si masimulizi ya wazee peke yake. Mtafiti wa kwetu, Vwakyanakazi Mukohya, alifanya tesi yake ya mwaka wa 1982, kwenye iniversite ya Wisconsin huko Marekani, juu ya wachuuzi wa Butembo kati ya 1960 na 1980. Mwaka wa 1987 Janet MacGaffey alitoa kitabu juu ya wafanyabiashara wa Zaïre, na Wanande wa Kisangani na Butembo wana nafasi kubwa ndani yake.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation: mashamba na maduka ya wageni yapewe Wazairwa. Pengi nchini waliopewa walikula mtaji, wakafunga. Butembo kulikuwa tayari na watu wenye lori, wateja na mazoea ya kuhesabu. Baadaye wengine wao wakafika Dubai, kisha Uchina, na kontena zao zikaanza kushuka Mombasa, kupita Kampala, na kuingia Kasindi.

Tuangalie kazi yenyewe ilivyokuwa. Kijana haandiki barua ya kuomba. Anapelekwa kwa mjomba, au kwa mtu wa kijiji chao, au wa kanisa lao. Analala kwenye depo, anapakua lori, anajifunza bei na watu. Akiwa mwaminifu, siku moja mkubwa anamkabidhi bidhaa aanze kwa jina lake. Iniversite ya wengi katika mji huu ilikuwa ile. Lakini miaka mingine kijana anazeeka kwenye depo, ile siku haifiki, na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba alifanya kazi pale.

3. Kahawa, na machomeri ambao hawakuhesabiwa

Mimi nimesoma agronomia, kwa hiyo hapa mtaniruhusu nikae kidogo.

Beni iko chini kuliko Butembo: joto, msitu, udongo mzuri. Hapo kahawa robusta njo ilikuwa mshahara wa kijiji. Mwaka wa 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyoshikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Kisha katika miaka ya 1990 ukaja ugonjwa wa tracheomikozi. Ni kuvu, jina lake Fusarium xylarioides. Inaingia ndani ya mti, inaziba mishipa inayopandisha maji, majani yananyauka, na mti unakufa matunda yakiwa bado juu. Hakuna dawa. Unang'oa, unachoma, unangoja.

Fikirieni kama kampuni moja ingefukuza wafanyakazi elfu kadhaa kwa siku moja. Magazeti yangeandika, sendika ingepiga kelele. Hapa familia nyingi zilipoteza mapato yao, mti baada ya mti, na hakuna aliyeitwa chomeri, juu hakuna bosi aliyewafukuza. Lakini kupoteza kazi kulikuwa kule kule. Watoto waliacha masomo, vijana wakaenda kuchimba dhahabu au wakashuka mjini.

Baada ya 2000, polepole, kakao ikashika nafasi: Mavivi, Mbau, Oicha, Mangina, Watalinga. Kakao inadai uvumilivu, miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Lakini ikianza, inalisha mikono mingi: wa kuvuna, wa kupasua, wa kuchachisha siku tano au sita, wa kuanika, wa kupima, wa kubeba. Desemba 2024 bei ya tani moja kwenye soko la New York ilipita dola 12,000.

Na hapo hapo kuna damu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF yamemaliza watu wengi katika teritware ya Beni, na wengi walikutwa shambani. Mtu anaenda kuvuna akijua anaweza asirudi. Anayeogopa anaacha matunda mtini, na mwingine anakuja kuvuna kwa bunduki. Wakulima waliokimbia wako mjini leo, wanatafuta kibarua cha kulima kwa siku kwenye shamba la mtu mwingine. Ukiuliza juu ya nini kibarua kimekuwa bei ya chini, jibu moja ni hilo: vita imemwaga mikono mjini na kufunga mashamba.

4. Miaka miwili ya dola

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina. Ilikwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Tuwakumbuke kwanza, kabla ya kuongea pesa.

Lakini kwa historia ya kazi, ile miaka miwili ni ya pekee. Kwa mara ya kwanza wengi wa rika letu waliona mshahara wa kweli: madereva, walinzi, wasafishaji, wapima joto barabarani, watu wa kupita nyumba kwa nyumba. Nyumba za kupanga zilipanda bei. Watu waliacha kufundisha ili kubeba termometa. Na hasira ikaja: kwa nini wengine wanatoka mbali wakati watoto wa hapa wanakaa?

Kulikuwa na jambo baya zaidi. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti: wanawake waliombwa ngono ili wapewe kazi katika ile kampeni. Tume ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Dada zetu wa Beni na Butembo wako katika ile hesabu. Mahali ambapo mshahara ni mgeni, anayeshika mlango wake anakuwa na nguvu ya kutisha. Tusisahau hilo siku mradi mwingine utakapofika.

Kisha Juni 2020 magari yakaondoka, na miji ikarudi kwenye shamba na biashara, kama ilivyofanya baada ya mgodi.

5. Na sisi?

Mwaka wa 1989, wakati mishahara ya Leta ilikuwa inaelekea kufa, Butembo ilipata Université Catholique du Graben, chini ya askofu Emmanuel Kataliko. Mji unaoishi kwa soko ulijenga nyumba ya kutoa diploma. Diploma ile inatufundisha kungoja biro, na biro hazikuja. Tangu Goma ianguke Januari 2025, serikali ya jimbo imehamia Beni, na wengi wanatumaini biro zitaongezeka. Pengine. Lakini historia inasema tusipange maisha yote juu ya mgeni.

Sisemi kila mtu achukue jembe au afungue kantini. Aliyesema «jitegemee» bila kutaja usalama wa shamba anatudanganya. Nasema mambo mawili.

La kwanza, elimu yetu iende mahali kazi iko. Mkulima wa kakao anahitaji mtu anayejua kuchachisha na kutambua ugonjwa mapema. Mama wa sokoni anahitaji mtu anayejua kuhifadhi karoti zisioze kabla lori halijafika.

La pili, tuache kuona aibu kutaja haki mahali hakuna karatasi. Kodi ya kazi yetu, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mkataba uandikwe. Usipoandikwa, mfanyakazi hapotezi haki: anaweza kuthibitisha kazi yake kwa njia zingine. Kijana wa depo mwenye miaka kumi pale ni mfanyakazi. Wangapi kati yetu tumewahi kumwambia? Wenye lisansi ya sheria, hapo kuna kazi.

Na wewe unayejaza karatasi ya mdogo wako mwaka huu: mstari wa kazi ya mama, usiandike «mama wa nyumba» kama ni mchuuzi. Andika «mchuuzi». Andika anauza nini na sokoni gani. Siku hesabu ya watu itakapokuja, tuwe tumekwisha kuzoea kumhesabu.